Je, Ndege Anyonyokaye Manyoya Ni Mvivu?



Huku kwetu Shinyanga, mpunga wa majaluba ukiisha kutoa masuke, watoto hupelekwa shambani alfajiri kwenda kuamia ndege. Hukaa juu ya dungu na kombeo na debe bovu, wakapiga kelele mpaka jua linapokuchwa. Mtoto mmoja wa jirani zetu, aliyekuwa ameamia msimu mzima, alitujia wakati wa kiangazi akatuuliza, “Babu, wale ndege wekundu waliokuwa kwenye matete wamekwenda wapi?” Nasi tukamjibu upesi, kama ilivyo desturi ya wazee wasiotaka kuonekana hawajui, “Wamehama, mjukuu wangu. Mvua zikirudi, nao watarudi.”

Jibu lile halikuwa la kweli, ingawa hatukukusudia kusema uongo. Ndege wale, waitwao kweche, hawakuhama. Walikuwa palepale katika mabua makavu, wakiokota mbegu pamoja na majike, nao wamevaa vazi la kahawia lenye mistari, sawasawa na majike yao. Manyoya mekundu yalikuwa yamekwisha kuanguka kidogo kidogo, wala hapana mtu aliyeyaona yakianguka. Tulipokwisha kulijua kosa letu, tulimwita mtoto tukamwambia kweli. Lakini jambo lile halikutuacha. Maana tulikumbuka ya kuwa kosa lilo hilo tuliwahi kulifanya juu ya mtu, nalo lilimwumiza.

Ndiyo sababu twaandika maneno haya. Swali letu ni hili: Je, mtu akiacha kazi zake kwa muda ili apate kujirudishia nguvu, anawaibia wenziwe? Tena, kama ana haki ya kufanya hivyo, wakati wake ufaao ni upi?

Kwanza na tuitazame habari ya manyoya yenyewe, maana wengi twayaona kila siku wala hatuyajui. Unyoya ukiisha kukua hauna uhai tena. Umekuwa kama ukucha wetu au unywele wetu. Ukikatika haujiungi, na ukichakaa hauna dawa. Jua laupausha, vumbi lausaga, majani na miiba yaukwangua kila siku. Ndege aweza kuusafisha kwa mdomo wake na kuupaka mafuta yatokayo katika tezi iliyo juu ya mkia wake, lakini kuushona hawezi. Hata baada ya miezi mingi vazi lote huwa limekwisha kazi. Hapo unyoya mpya huanza kuota chini ya ule wa zamani, ukausukuma nje. Unapokua una damu ndani yake, nao ni mwororo, wavunjika upesi. Ukiisha kukomaa, damu hurudi mwilini, unyoya ukawa mkavu, tayari kwa safari na kwa mvua.

Tena mabadiliko hayo yana utaratibu wake. Bata wengi wa porini huyatupa manyoya yote ya kurukia kwa mara moja, wakakaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Lakini bata ana maji ya kukimbilia. Ndege mdogo wa kichakani hana ngome kama hiyo. Basi yeye huanza na unyoya ulio ndani katika safu ya manyoya 9 au 10 ya ncha ya bawa, nao huanguka wa kuume na wa kushoto pamoja, ili mizani yake isipotee. Hao wakiisha kukua kiasi, hufuata wa pili, kisha wa tatu, hata ncha. Mkia wake, ambao kwa kawaida una manyoya 12, huanzia katikati. Hivyo hakosi bawa hata siku moja. Aruka kwa shida, lakini aruka.

Kazi hiyo ni ya gharama kubwa. Manyoya hayatoki hewani. Hujengwa kwa chakula kilekile ambacho kingemtia mwili nguvu au kingewalisha makinda. Kwa hiyo ndege aliye katika kunyonyoka huimba kidogo, hukaa kichakani, hajionyeshi kwa wenziwe. Mtu amwonaye husema, “Huyu ni mgonjwa,” ama “Huyu amekuwa mvivu.” Kumbe katika mwaka mzima ni nyakati chache tu afanyapo kazi nzito kuliko hiyo, ila kazi yake yafanyika ndani ya ngozi, wala haina sauti.

Sasa twaja kwenye wakati. Ndege mdogo ana kazi kubwa tatu: kulea makinda, kusafiri ikiwa ni msafiri, na kubadili manyoya. Kila moja yataka nguvu zake zote. Ndiyo sababu ndege walio wengi huzitenga, wasizifanye zote kwa wakati mmoja. Kweche wetu hutia vazi jekundu na jeusi mvua zinapokaribia au zinapoendelea, naye hujenga viota vyake wakati majani yamekwisha kuwa marefu. Makinda yakiisha kuruka na majani yakikauka, ndipo alivuapo lile vazi, na mabawa yake yakapata manyoya mapya. Hata kwelea, adui wa mashamba yetu, hushika utaratibu wa namna hiyo: kwanza watoto, kisha mabawa. (Haki ya mambo, kweche dume si mfano mwema wa baba, maana hujenga viota kwa ajili ya majike kadhaa, asimlishe hata kinda mmoja. Hatumsifu kwa hilo. Twamtazama katika habari ya manyoya tu.)

Mtazameni na mbayuwayu, ambaye kila mtu wa Shinyanga na Geita humwona akipita chini chini juu ya mbuga na mifugo. Mbayuwayu wa Ulaya hulea makinda huko wakati wa kiangazi chao, mara nyingi vifaranga wa mara mbili katika majira yale yale, hata nafasi ya kubadili mabawa haipo. Basi huondoka na mabawa yaliyochakaa, akavuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara, naye hufika Afrika kuanzia Septemba na Oktoba. Huku ndiko ayabadilikoko manyoya yake ya kurukia, polepole, kwa muda wa miezi mingi, maana chakula chake hukikamata angani. Akipunguza bawa mno, atakufa njaa. Mwezi wa Machi na Aprili hurudi kwao na mabawa mapya. Yuko na ndege mwingine wa Ulaya, mdogo sana, uzito wake gramu kama 10, rangi yake kijani iliyofifia, ambaye huja katika migunga yetu. Huyo hulibadili vazi lake lote mara 2 kila mwaka: kwao kwa haraka baada ya kulea, na tena huku Afrika kabla ya kurudi. Twaona basi ya kuwa wakati si mmoja kwa wote. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, nasi twaweza kuongeza, kila ndege huubadili kwa majira yake.

Huenda msomaji atauliza: Nani awaambiaye kwamba wakati umefika? Katika nchi za Ulaya ni urefu wa mchana hasa. Mchana ukianza kufupika, mwili wa ndege wajua. Lakini huku kwetu mchana mrefu kupita yote katika mwaka haumzidi mfupi hata kwa nusu saa. Ndege wetu hutazama zaidi mvua, na majani, na mbegu, na wadudu. Hata hivyo wana na kalenda ndani yao. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Eberhard Gwinner, pamoja na mwenziwe, walichukua ndege wadogo wa Kenya, wenye kichwa cheusi na kifua chekundu, wakawalea Ujerumani katika vyumba ambamo saa za mwanga zilikuwa sawa siku zote. Mwaka 1990 wakatoa habari zao. Ndege wale, pasipo kuona masika wala kiangazi, waliendelea kubadili manyoya na kujiweka tayari kwa kuzaa, kisha wakabadili tena, zamu baada ya zamu. Lakini zamu zao hazikulingana na miezi 12 kamili. Nazo zikapotea polepole, kila mmoja na zake, kama saa zisizorekebishwa na mtu.

Jambo hilo latufaa sana katika swali letu. Latuonyesha mambo mawili. La kwanza, haja ya kujifanya upya haitoki katika ukaidi wa mtu. Imo ndani ya mwili, nayo yarudi, upende usipende. La pili, kalenda ya ndani peke yake haitoshi. Yataka kusahihishwa na mambo ya nje: mvua, mavuno, watoto, majirani. Mtu asemaye, “Mimi nitapumzika moyo wangu utakapotaka,” bila kutazama majira ya watu wake, ni kama ndege wa chumbani. Na mtu asemaye, “Mimi sitapumzika kamwe,” afanana na nani? Na tusome.

Huko Uingereza wataalamu walifuga kwezi wa Ulaya wakawagawanya mafungu mawili. Fungu moja waliliacha katika mchana mrefu, nalo likabadili manyoya kwa siku kama 103. Fungu la pili walilipunguzia mchana siku kwa siku, hata ndege wakadhani baridi yaja, wakafanya haraka, wakamaliza kwa siku kama 73. Mwaka 2000 habari zikachapishwa. Wale waliofanya haraka walipata manyoya mepesi zaidi, tena dhaifu, yaliyochakaa upesi kuliko ya wenzao. Na kabla ya hayo, mwaka 1996, wataalamu wa Sweden walitoa habari za ndege wadogo wa rangi ya samawati na manjano ambao walicheleweshwa kwa makusudi katika kulea makinda. Kwa kuwa walichelewa kulea, walichelewa na kubadili manyoya, na vazi lao halikuweza kuzuia baridi sawasawa. Wakati wa baridi walitumia nguvu nyingi zaidi ili wapate joto, na hali yao katika majira yaliyofuata ilikuwa dhaifu kuliko ya wenzao. Deni la msimu mmoja lililipwa msimu wa pili.

Tazameni, ndugu: ndege wale wa haraka hawakuonekana wabaya siku ile. Mtu angewatazama walipomaliza angewasifu, “Hawa ni hodari, wamewatangulia wenzao siku 30.” Udhaifu wa unyoya hauonekani siku uotapo. Huonekana baadaye, mbali, penye upepo.

Sasa twalieleza kosa letu. Katika usharika wetu alikuwako mzee mmoja aliyekuwa na kazi tatu juu ya kichwa chake. Alikuwa mtunza hazina, tena mwalimu wa kwaya, tena mwenyekiti wa chama cha wakulima wa pamba. Alizishika kwa miaka mingi, huku akilea watoto wake. Hata alipokwisha kumwoza binti yake wa mwisho, alisimama katika mkutano akasema, “Ndugu zangu, nimechoka, na uchovu wenyewe uko ndani. Nipeni mwaka mmoja.” Hakusema zaidi.

Sisi tulinung'unika. Mmoja wetu alisema amepoa. Mwingine alisema, wala hakusema kwa sauti ya chini, ya kuwa mtu haachi hazina bure. Lazima kuna kitu ndani ya vitabu. Tukaagiza vitabu vya fedha vikaguliwe. Vikaonekana sawa hata senti. Wala hatukutosheka, tukaagiza vikaguliwe mara ya pili. Mara ya pili vilikuwa sawa kama mara ya kwanza. Mwaka ule mzee alilima shamba dogo, akakaa na mkewe barazani, akatengeneza paa la nyumba lililokuwa likivuja tangu watoto wakiwa wadogo. Tulipompita njiani tulimsalimu kwa haraka, kama mtu aliyetuacha. Mwaka ulipotimia alirudi kama alivyoahidi, akafanya kazi pamoja nasi miaka mingine 8, tena kwa nguvu. Lakini tangu siku ile hakutuambia tena neno la moyoni mwake. Tulipata mikono yake, tukaukosa urafiki wake. Hasara hiyo tuliileta wenyewe.

Na wakati uo huo alikuwako kijana mmoja ambaye sisi sote tulimsifu. Huyu alikwenda Geita, kwa wachimbaji wadogo. Nchi ile wasomaji waijua: mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, lakini kando yake, katika mahali kama Rwamgasa na Nyarugusu, watu kwa maelfu huchimba maduara kwa mikono yao wenyewe. Kijana wetu aliondoka mvua za kwanza ziliponyesha, wakati wenziwe wanapanda. Alitaka kujenga nyumba, kuoa, na kununua maksai, yote kwa mwaka mmoja. Mchana alishuka katika duara, usiku alisimama penye karasha, mahali mawe yasagwapo kuwa unga, na vumbi lake jeupe likamfunika nywele na kope. Fedha zilikuja nyumbani kila mwezi. Katika mikutano tulimtaja kama mfano: “Huyo ndiye kijana, halali!”

Kwa miaka 2 hakurudi hata mara moja. Aliporudi, nyumba ilikuwa na bati, na yeye alikuwa na kikohozi kisichokoma. Vumbi la mawe yale likiingia kifuani hukwangua mapafu, likayatia makovu, na makovu hayo hayaponi. Leo hawezi kupanda kilima kidogo kilicho nyuma ya kanisa asisimame mara 3 kuvuta pumzi. Hatusemi ya kuwa sifa zetu ndizo zilizomharibu. Twasema tu ya kuwa hapana hata mmoja wetu aliyemwandikia barua kumwambia, “Rudi nyumbani, pumzika msimu mmoja.” Yule aliyekuwa akijirudishia nguvu tulimshuku, na yule aliyekuwa akiziteketeza nguvu zake tulimpigia makofi. Ndivyo macho yetu yalivyokuwa.

Lakini twajua ya kuwa mambo hayana upande mmoja, na msomaji mwenye akili ameisha kuandaa jibu lake. Atasema: “Maneno haya ni ya watu walioshiba. Mvua zikikosa Shinyanga, mtama ukinyauka, nani atachagua msimu wake? Kijana yule alikwenda machimboni kwa sababu ya njaa.” Neno hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Mwenye njaa hachagui. Hata ndege ajua hivyo. Ndege wengi wa nchi za joto, chakula kikipungua, ama mvua ikija ghafula na nafasi ya kulea ikapatikana, husimamisha kunyonyoka katikati. Bawa likawa na manyoya mapya upande mmoja na makuukuu upande mwingine. Lakini angalieni lifuatalo: hali ikitengenea, hawaanzi upya, wala hawasahau. Huendelea kutoka unyoya uleule walioukomea. Kusimamisha si kosa. Hatari ni kusahau kwamba tumesimamisha, tukaruka mwaka baada ya mwaka na bawa kuukuu, huku tukisema tumezoea.

Wa pili atasema: “Mkiwafundisha watu hivi, kila mvivu atajiita ndege.” Naye ana haki ya kuuliza. Basi na tupime kwa kipimo cha ndege mwenyewe. Ndege walio wengi hawavui manyoya kabla makinda hayajaweza kujilisha. Mtu aachaye watoto wadogo au mgonjwa kitandani, akasema anapumzika, huyo hakufuata mfano huu. Ndege mdogo havui yote pamoja. Mtu naye asiangushe kila mzigo kwa siku moja, wengine wakaangukiwa. Tena kunyonyoka kuna mwisho wake, na mwisho huo unyoya upo. Mvivu hujulikana kwa kuwa siku zapita wala hapana kitu kinachoota. Ila kumbukeni ya kuwa kinachoota chaweza kuwa chini ya ngozi bado. Basi tusiwe wepesi wa kuhukumu wiki ya kwanza.

Wala jambo hili si geni kwetu Wasukuma. Wazee wetu walilijua katika habari ya ardhi. Sehemu ya malisho huzuiwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nayo huitwa ngitili. Majani hukua na kukomaa bila kuguswa, hata katikati ya kiangazi, malisho ya nje yakiisha, ndipo hufunguliwa. Mtu mgeni angepita wakati wa mvua akaona majani mazuri na ng'ombe wakikatazwa, angesema, “Huu ni upotevu.” Lakini mwenyeji ajua ya kuwa uhai wa ng'ombe wa Agosti umo katika katazo la Desemba. Katika karne iliyopita misitu yetu ilifyekwa kwa ajili ya mbung'o, na baadaye kwa ajili ya pamba na kuni, na ngitili nyingi zikapotea, hata watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, nayo ikaendelea hata mwaka 2004. Ilipoanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta kama 600 tu. Miaka ya 2000 ilipoanza zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Mashina na mizizi ilikuwamo ardhini, ikaota yenyewe ilipoachwa.

Na hapa pana neno ambalo ndege hawezi kutufundisha, lakini ngitili yaweza. Ngitili haisimami kwa nia ya mwenye shamba peke yake. Yasimama kwa sababu jirani huiheshimu, na mkutano wa kijiji, yaani dagashida, humtoza faini mtu apitishaye ng'ombe wake. Kadhalika mtu hawezi kujirudishia nguvu ikiwa wenziwe humkanyaga kila siku kwa maneno. Ndege anyonyokaye yahitaji apate kichaka na chakula. Mwanadamu naye yahitaji apate watu watakaoshika kazi yake bila kumwaibisha.

Basi, kwa maoni yetu, jibu la swali letu ni hili. Mtu atuliaye ili ajirudishie nguvu, baada ya kutimiza yaliyompasa kwa wadogo wake, haibi kitu cha wenziwe. Analipa mapema deni ambalo, likicheleweshwa, watalipa wote, tena kwa faida. Mwizi ni yule atumiaye nguvu za kesho za mwingine na kuziita bidii. Katika hao twajihesabu na sisi wenyewe.

Twashauri mambo machache kwa sharika zetu na kwa waalimu wa Injili, ambao wengi wao hulima mchana na kufundisha jioni, wala hapana awaulizaye kama wamechoka. La kwanza, kila mwenye kazi ya usharika awe na muda uliowekwa, na mwisho wake ujulikane tangu mwanzo, ili aondokaye asihesabiwe kuwa ametoroka. La pili, vitabu vya fedha vikaguliwe kwa kila mtu, wakati wote, aingiapo na atokapo, ili ukaguzi usiwe kofi la kumpiga mmoja. La tatu, tusiwaondoe wazee wawili wa kazi kubwa kwa mwaka mmoja. Bawa na libaki na manyoya ya kutosha. La nne, wazazi wenye vijana huko Geita wawaandikie, wasiulize habari za fedha tu, bali waulize, “Walala saa ngapi? Kifua chako chaendeleaje?” Na mvua zikianza wawe na ujasiri wa kusema, “Njoo upande pamoja nasi.”

Mwaka huu mtoto yule alirudi kwetu mvua zilipokuwa zimekolea. Alikuwa ameona kweche mmoja katika matete, mwili kahawia, na shingoni mabaka mekundu machache, kama nguo iliyoanza kutiwa rangi. Akasema, “Babu, amerudi!” Tukamwambia, “Mjukuu wangu, hakuondoka.”

Yule mzee wetu wa hazina yu hai. Tulikwenda kwake Jumapili moja baada ya ibada, watatu katika wale walioagiza vitabu vikaguliwe mara ya pili, tukamwomba radhi. Alitukaribisha viti, akatuletea maji. Alikaa kimya kitambo, kisha akatuuliza habari za mavuno yetu. Nasi tukamjibu, tukakaa naye mpaka jioni.

Ndugu aliye na neno juu ya jambo hili, ama aliyeona vingine, na atuandikie. Tutalisoma kwa furaha.